Vidole ganzi, viganja vya moto: Fundi anajibu maswali ya mikono

Wiki hii maswali karibu yote ni mikono. Vidole ganzi, viganja vinawaka, viwiko, mabega, kuna mmoja anasema kaniandikia kwa kidole kimoja cha kushoto maana mkono wa kulia tangu Jumapili haumtii. Siwezi kujibu yote, nimechagua yale yanayofanana na ya wengine, kwa hiyo kama lako hulioni soma la mwenzio. Na kabla hamjaniuliza tena glavu gani nzuri: glavu ntazifikia, ila wengi wenu mkono unalia tu, anayeupiga yuko sehemu nyingine kabisa na mara nyingi mmemkalia.

Halafu mi ni fundi na mwendeshaji, sio daktari. Penye kazi ya daktari ntasema.

Fundi habari za kazi. Naendesha baiskeli ya reisi mwaka wa pili sasa, nina kilo 70. Miezi mitatu nyuma siti ilikuwa inanibana sana huko chini, jamaa mmoja akanishauri niinamishe pua ya siti na kweli ikaacha kubana. Ila tangu hapo nikifika kama kilomita 30, kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete mkono wa kulia vinakufa ganzi. Jana nimerudi nyumbani nikashindwa kuzungusha ufunguo mlangoni, mpaka nikatumia mkono wa kushoto. Glavu za jeli nimenunua mara mbili, hola. Shida nini? (Kidole Kimelala)

Kaka, jibu umeliandika mwenyewe hapo kwenye kuinamisha pua. Chukua benchi, weka tofali chini ya miguu ya upande mmoja, kaa. Mwili utateleza taratibu na bila hata kufikiri utatanguliza mikono kujizuia. Sasa ndo hicho unachokifanya masaa mawili mfululizo, siti inakumwaga mbele, mikono inakurudisha nyuma, inakumwaga tena, na ule uzito ambao ungebebwa na mifupa ya makalio umeuhamishia viganjani. Umemaliza maumivu ya chini ukayapandisha juu, mali ni ile ile umebadilisha ghala tu.

Kwa nini kidole kidogo na nusu ya cha pete, kwa nini sio vyote? Geuza kiganja chako, gusa upande wa kidole kidogo pale chini kabisa karibu na kifundo cha mkono, utakuta kamfupa ka mviringo kama punje ya njegere. Pembeni ya hako kamfupa kuna kinjia chembamba, daktari mmoja Mfaransa anaitwa Félix Guyon alikieleza mwaka 1861 na mpaka leo kinaitwa kwa jina lake, humo ndo unapita mshipa wa fahamu wa alna. Pale hamna nyama ya kutosha ya kuukinga. Ukiegemea usukani kwa kitako cha kiganja, mshipa unabanwa katikati, mfupa huku chuma kule, na kila kokoto unalopita ni kama mtu anaugonga kwa kinyundo. Alna ndo inaleta hisia za kidole kidogo na nusu ya cha pete, kwa hiyo ulivyoandika "nusu" umetoa somo la udaktari bila kujua. Na ndo hiyo hiyo inaendesha misuli midogo ya kutanua vidole na ya kubana kitu kati ya gumba na ubavu wa kidole cha shahada. Ufunguo unashikwaje? Hivo hivo.

Hiyo ya ufunguo ndo imenishtua kuliko ganzi. Ganzi inayoisha nusu saa baada ya kushuka ni onyo, nguvu kupungua ni hatua nyingine. Jipime: bana karatasi kati ya gumba lililonyooka na ubavu wa kidole cha shahada, mtu aivute. Fanya na mkono wa pili ulinganishe. Kama wa kulia karatasi inachomoka, au gumba linajikunja kwenye kiungo cha juu ili lisaidie, pumzisha baiskeli na muone daktari wiki hii, usisubiri mpaka hiyo nyama iliyo kati ya gumba na shahada ianze kudidimia.

Mi mwenyewe yalinikuta. Nilikuwa nimepata baiskeli nyingine wiki hiyo hiyo, sikupima chochote, nikaenda nayo kilomita 200 hivi kwa siku moja kwa sababu ya ujinga na sifa. Jioni nashindwa kufunga vifungo vya shati. Kidole kidogo kimejitenga na wenzake, kimesimama pembeni kama mtu aliyenuna kwenye picha ya familia, nakiambia rudi hakirudi. Ikanichukua wiki tano, na nilibahatika, maana misuli ikishalegea huwa inaweza kwenda miezi.

Haya, baiskeli sasa. Rudisha siti iwe sawa. Usitumie macho, macho yanadanganya hasa siti zile zilizopinda katikati. Weka baiskeli sehemu tambarare, laza kitabu kigumu juu ya siti kutoka nyuma mpaka puani, juu yake weka simu yenye pimamaji. Anza na sifuri. Mtu akitaka kuinamisha pua digrii moja au mbili simkatalii, wengine miili yao inataka hivo, ila kuanzia 4, 5 huko unajitafutia.

Utasema itanibana tena. Ndo tunakuja kwenye kiini, kwa nini ilikuwa inakubana? Naomba nibashiri: siti yako iko juu sana. Siti ikiwa juu, mguu haufiki chini vizuri, kiuno kinaanza kucheza kushoto kulia kufukuza pedeli, na kila kikishuka upande mmoja unajikwaruza kwenye pua ya siti. Jamaa yako akatibu mkwaruzo akaacha urefu. Egemea ukuta ukiwa umevaa viatu vyako vya kuendeshea, weka kisigino juu ya pedeli, izungushe mpaka chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuinamia upande. Ukirudisha mguu kawaida, ile sehemu pana ya mbele ya wayo ikae juu ya pedeli, goti litabaki limekunjika kidogo, hapo ndo penyewe. Ukipenda namba, simama peku mgongo ukutani, bana kitabu mapajani mpaka juu kabisa kama umekikalia, pima kutoka sakafuni mpaka mgongo wa kitabu, zidisha kwa 0.883. Ukipata sentimita 82 inakuwa 72.4, huo ndo urefu kutoka katikati ya krenki (ile mikono inayobeba pedeli) mpaka juu ya siti. Hesabu hii Greg LeMond, yule Mmarekani bingwa wa Tour de France, ndo aliyeifanya ijulikane kwa watu, ni ya kuanzia tu, sio msahafu.

Baada ya hapo angalia siti iko mbele au nyuma kiasi gani. Watu wengi wakiona usukani uko mbali wanasogeza siti mbele ili waufikie, ni kosa la kawaida na linaeleweka lakini ni kosa, maana makalio yakisogea mbele kiwiliwili kinakosa kitu cha kukisawazisha, kinaangukia mikononi. Inama kama unaokota kitu, kiuno kinaenda nyuma chenyewe si ndio? Sasa inama ukiwa umebana makalio ukutani. Unaona. Kipimo changu: ukiwa unaenda mwendo wa wastani, barabara tupu na tambarare, mikono juu ya breki, inua viganja kidogo tu, sentimita moja, usiachie usukani kabisa. Kama unaanguka mbele papo hapo, siti iko mbele mno au usukani uko mbali au tumbo lako limelala. Kama unaweza kukaa hivo sekunde mbili tatu bila kuhangaika, uko sawa.

Rudisha siti nyuma milimita 5 kwa wakati, sio zaidi, na ukirudisha nyuma sana kumbuka miguu inakuwa mbali na pedeli kwa hiyo unaweza kuhitaji kushusha kidogo. Kabla hujagusa kitu zungushia tepu ya umeme pale siti ilipokuwa, na badili kimoja, endesha safari mbili tatu, ndo uguse kingine. Ukibadili vitatu siku moja ukapona hutajua nini kimekuponya, ukizidiwa ndo kabisa.

Na viwiko! Wengi mnaendesha viwiko vimenyooka kama fimbo, kila shimo linapanda moja kwa moja mpaka shingoni. Kiwiko kikunje kidogo, kielekee chini sio nje, shika usukani kama umeshika kifaranga, hutaki akimbie na hutaki afe.

Mambo Fundi! Mi mdada, baiskeli nimeachiwa na kaka yangu ni nzuri sana ila mikono yangu midogo. Breki nazifikia kwa ncha za vidole, kwenye mteremko nakuwa nimekaza mpaka mkono mzima unatetemeka na siku hizi kiwiko kinauma upande wa nje hata nikiinua sufuria. Kaka anasema nitazoea. (Mdogo Mtu)

Poa dada. Mwambie kaka hutazoea, vidole havirefuki.

Kiwiko cha upande wa nje kinauma kwa sababu misuli inayoinua kifundo cha mkono imejishika pale, na ukikaza mkono kwa nguvu muda mrefu hiyo misuli inafanya kazi mfululizo kukiweka kifundo sawa. Ukikaza kwa ncha za vidole unatumia nguvu maradufu kupata breki ile ile. Kwa hiyo sufuria haina kosa.

Kuna kitu wengi hawajui kipo. Breki nyingi za baiskeli za reisi, Shimano, SRAM na wenzao, zina kiskrubu kidogo cha kusogeza mkono wa breki karibu na usukani. Kinajificha, mara kipo chini ya mpira wa kishikio, mara mbele karibu na mkono wa breki wenyewe, kinataka alenki ndogo sana au bisibisi. Kizungushe robo robo huku unajaribu, mpaka kiungo cha kwanza cha kidole cha shahada kilale juu ya breki bila kujinyoosha. Ila angalia, ukivuta karibu sana breki inaweza kugonga usukani kabla haijashika vizuri, kwa hiyo ukimaliza bana kwa nguvu zako zote ukiwa umesimama uone inabaki nafasi, na kama inagusa mwambie fundi akaze waya, au zile za mafuta azitoe hewa.

Ukishuka mteremko shika pembe za chini za usukani. Najua zinatisha mwanzoni, unaona kama unaingia lami kwa kichwa, lakini pale chini vidole vinaifikia breki kwenye ncha yake ambako ni nyepesi, kidole kimoja au viwili vinatosha. Ukibana kutoka juu unabana karibu na bawaba, ni sawa na kusukuma mlango karibu na bawaba, lazima uhangaike. Na usiburuze breki mteremko mzima, bana kisawasawa kabla ya kona, achia, mkono upumue.

Sasa hiyo baiskeli ya kaka. Kama ni mrefu kukuzidi, huenda usukani ni mpana na uko mbali. Upana wa usukani uendane na mabega, pima kutoka kile kimfupa cha juu ya bega mpaka kingine. Sentimita 44 kwa mtu wa mabega 37 ni kama kukumbatia pipa. Umbali unaweza kupunguza kwa stemu fupi (stemu ni kile kipande kinachoshikilia usukani), zinapungua kwa sentimita moja moja, ukiwa na 11 nenda 9 kwanza. Vile vishikio vya mpira juu ya breki navyo vitazamwe: ukiweka mkono hapo, kiganja na mkono wa mbele viwe mstari mmoja kama unampa mtu mkono, kifundo kisipinde kwenda juu wala kwenda nje. Wakati mwingine kulegeza usukani na kuuzungusha digrii chache juu kunamaliza kesi nzima bila kununua chochote. Ukirudishia kaza kwa namba iliyoandikwa kwenye stemu yenyewe, nyingi ni Nm 5 hivi (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), na usukani wa kaboni usikazwe kwa hasira.

Na kama baada ya yote hayo bado unajinyoosha, hiyo baiskeli ni ya kaka, mrudishie.

Bro, mi tairi zangu ni za upana wa milimita 25, napiga pumzi 120 ziwe nyepesi, zinaruka vizuri. Viganja vinawaka moto. Glavu gani inafaa? Au niweke tepu ya usukani mbili? (Pumzi Kamili)

120! Bro hizo sio tairi, ni rungu.

Kilo zako hujaniambia. Ila hata ukiwa mzito, kwenye lami ya kawaida yenye chenga na viraka, tairi ngumu kupita kiasi haikupi kasi, inakurusha juu kila kikokoto na nguvu inapotelea kwenye kukutikisa wewe. Unasema zinaruka vizuri, ndo shida yenyewe, tairi haitakiwi kuruka. Zamani wote tulikuwa huko, tairi 23 na pumzi za kupasua masikio, siku hizi hata wanamashindano wako 28, 30. Wale wa Paris–Roubaix, mashindano yana zaidi ya kilomita 50 za barabara ya mawe, wanaenda na tairi pana, pumzi chini, na wengi wanaweka tepu mbili kama unavyotaka wewe. Lakini wanaanza na tairi.

Kama fremu yako inaruhusu weka 28. Kwa mtu wa kilo 70 mwenye tyubu anza na psi (kipimo cha pumzi) 75 nyuma na 70 mbele, kisha shusha 3 kila safari mpaka usikie baiskeli imetulia lakini kona haiyumbi na rimu haigongi ukipita shimo. Mbele iwe chini kuliko nyuma siku zote, uzito mwingi uko nyuma. Usivuke namba iliyoandikwa kwenye tairi na kwenye rimu, na zile rimu mpya zisizo na ukingo wa kunasa tairi mwisho wake ni bar 5, kama psi 72, hapo hakuna mjadala.

Glavu: nzuri ni ile ambayo sponji yake imegawanyika, imeacha mfereji pale penye mshipa, sio ile iliyorundika jeli nene katikati. Jeli ikijikusanya inabana pale pale ulipokuwa unakimbia. Saizi iwe sawa maana ikikunjana, mkunjo ni kitu kigumu kingine. Tepu, milimita 3 inatosha wengi, ukiweka mbili juu sawa ila mwenye mikono midogo usukani unakuwa mnene na ataanza kuukaza, tunarudi kwenye kiwiko cha dada hapo juu.

Fundi, hii siielewi. Nikienda kasi na wenzangu mikono haiumi hata. Nikitoka na mke wangu mwendo wa taratibu, nusu saa tu viganja vinauma. Na nikiwa ndani kwenye trena, ule mtambo wa kuendeshea baiskeli nyumbani, ndo usiseme. Si ilitakiwa iwe kinyume? (Naenda Pole)

Swali zuri hili, nimelipenda.

Ukikanyaga pedeli kwa nguvu, miguu inasukuma chini na mwili unasukumwa juu, kwa hiyo miguu inabeba sehemu ya uzito wako. Ukienda taratibu miguu inazunguka tu, haibebi kitu, uzito wote unarudi kwenye siti na mikono. Ndo maana baiskeli iliyopangwa kwa mtu wa mashindano, usukani chini sana na mbali, inamtesa mtu anayeenda matembezi. Yule anakanyaga kama anadaiwa, wewe unapiga stori na mkeo.

Huko ndani kwenye trena ni mbaya zaidi kwa sababu baiskeli haiyumbi, hamna kona, hamna taa za kusimama, hamna mteremko wa kusimama kwenye pedeli, unaganda pozi moja saa nzima. Hata upepo wa mbele haukuegemei kifuani. Na cheki gurudumu la mbele, kama la nyuma limeinuliwa na mtambo na la mbele liko sakafuni, umejitengenezea mteremko, weka ubao chini yake mpaka baiskeli ilale sawa. Simama kwenye pedeli kila dakika 10, kaa wima upige mikono, hamna polisi humo ndani.

Kwa matembezi na mama, pandisha usukani. Kama juu ya stemu zimebaki spesa (zile pete za kuinulia), zihamishie chini yake. Kama hamna, chomoa stemu uigeuze juu chini: stemu ya sentimita 10 yenye digrii 6, ukiigeuza usukani unapanda kama sentimita 2 na unasogea karibu yako kama nusu sentimita. Bure. Ila kabla ya kufungua kumbuka ile bolti ya juu ya kofia haishikilii stemu, ni ya kuondoa mchezo kwenye beringi tu, legeza kwanza hiyo ya juu na zile za pembeni, na wakati wa kurudisha anza na ya juu kidogo kidogo mpaka mchezo uishe, usukani uwe unageuka wenyewe bila kugoma, ndo ukaze za pembeni. Nimeona mtu kakaza ya juu mpaka usukani ukawa mgumu kama bomba la maji lenye kutu, akasema baiskeli imeharibika.

Kijana wangu Fundi, mimi ni mtu mzima wa miaka 61, nina kisukari, daktari aliniruhusu baiskeli na inanisaidia. Mimi ganzi yangu ni gumba, cha shahada na cha kati, na inakuja usiku zaidi, naamka natikisa mkono kama nakung'uta maji ndipo inaachia. Nimesoma kuwa ni kinjia cha Guyon. Niache kuendesha?

Shikamoo mzee wangu. Hapana, huo sio ule wa Guyon, huo ni mshipa mwingine, wa kati. Unapita katikati ya kifundo cha mkono kwenye tundu moja na kano 9 za kukunjia vidole, hapo pakivimba kidogo tu mshipa ndio unaokosa pa kukaa. Kuamka usiku na kuukung'uta mkono, ulivyoeleza, ni dalili yake maarufu. Kisukari kinaongeza uwezekano, tezi ya shingo ikiwa mvivu pia, na wajawazito huwapata.

Baiskeli inaweza kuchangia pale unapoendesha kifundo kimepinda kwenda juu muda mrefu, kwa hiyo pandisha usukani na unyooshe kifundo kama nilivyomwambia yule dada. Ila mzee wangu usiniachie mimi hili. Mwenye kisukari ganzi inaweza kutokana na sukari yenyewe, na inaweza kuwa vyote viwili, daktari ndiye wa kutenganisha. Muulize pia kuhusu kile kifaa cha kulalia kinachoweka kifundo kimenyooka, wengi kinawapa usingizi.

Kuacha sidhani atakwambia. Jambo moja tu naomba ulishike: mkono wa kushoto ukiuma pamoja na kifua kubana, jasho la baridi au pumzi kukata, hiyo sio habari ya usukani, shuka hapo hapo na utafute gari la hospitali. Kwa mwenye kisukari kifua kinaweza hata kisiume sana, kwa hiyo usijipe moyo.

Nilianguka wiki iliyopita nikajizuia kwa mkono, picha ya eksirei ikaonyesha hamna mfupa uliovunjika, nikapewa dawa za maumivu. Bado panauma chini ya gumba. Naweza kurudi barabarani Jumamosi?

Nyoosha gumba kama unaomba lifti. Chini yake, upande wa mgongo wa mkono, kunatokea kishimo. Bonyeza humo. Kama unaruka, Jumamosi isahau.

Humo ndani kuna mfupa mdogo unaovunjika sana kwa namna hiyo hiyo uliyoanguka, na una tabia mbaya, ufa wake mara nyingi hauonekani kwenye picha ya siku za mwanzo. Ndo maana huwa wanarudia picha baada ya siku 10 mpaka 14, au wanatumia kipimo kikubwa zaidi, na mpaka hapo mkono unafungwa. Damu inaufikia kwa shida huo mfupa, ukiuacha unaweza usiunge kabisa na hapo mkono wa kushikia usukani umeshaupoteza kwa miaka. Rudi hospitali, sema neno hili: panauma kwenye kishimo cha gumba.

Wakati unasubiri majibu fungua tepu ya usukani, yote, upande ulioangukia. Kama ni aluminiamu angalia mkunjo au mchubuko mzito kwenye pindo, weka upande huo na ule wa pili uone kama vinafanana. Kama ni kaboni pitisha tochi na kucha, ukikuta mstari unaokwaruza kucha, au ukigonga kwa sarafu sehemu moja ikatoa sauti butu kuliko kwingine, usiupe mtu, usiuuze, ukate vipande viwili ndo utupe.